Mashine Iliyokuwa Ikimsalimia Bi Somoe

Mwanangu Zuhura,

Mama yako yuko jikoni anakufungia korosho na ufuta, na kila akimaliza kufunga mfuko anakumbuka kitu kingine cha kukuambia. Habari za kula vizuri, kufunga mlango na kuchagua marafiki utakuwa umezisikia mpaka masikio yamechoka. Mimi huko sina la kuongeza. Nimekaa barazani na kalamu kwa sababu kuna jambo nilitakiwa kukuambia juzi, nikashindwa.

Juzi tukiwa tunakula ulimtania mama yako. Ulisema ukishafika Dodoma utaiagiza seva ya kazini iwe inatutumia ujumbe kila jioni, "Shikamooni, nimekula, niko salama," ili wewe uendelee na mambo yako kwa amani. Mama yako alicheka mpaka akapaliwa. Mimi niliinuka nikaenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilikuona ukinitazama. Ulidhani nimekasirika. Sikukasirika, mama. Nilimkumbuka Bi Somoe.

Bi Somoe unamjua. Ni yule bibi wa Nkowe aliyelala kitandani kwako ulipokuwa darasa la nne, ukalalamika kwamba anakoroma na kwamba shuka lako linanuka ugoro. Uliambiwa ni mgeni wa baba. Hukuambiwa kilichomleta, na hukuuliza, kwa sababu kesho yake tu alishaanza kukufundisha kusuka ukili wa mikeka na mkawa mashoga. Sasa unakwenda kuanza kazi ile ile niliyokuwa naifanya wakati huo, utakabidhiwa mashine na majina ya watu waliomo ndani yake. Nadhani umefika wakati wa kujua.

Nilikuwa katika hospitali ndogo ya binafsi hapa Nachingwea. Nilitoka kwetu Singida nikiwa kijana, nikaletwa na kazi, nikaoa, nikabaki. Chumba cha kompyuta tulikuwa wawili, mimi na Bakari. Bakari alikuwa mtoto wa Nkowe, mwembamba, mwingi wa maneno, mtu anayeweza kukuchekesha umeme ukiwa umekatika na wagonjwa wamejaa dirishani. Ndiye aliyetengeneza programu ya kuwatumia wagonjwa meseji za kuwakumbusha siku ya kliniki na siku ya kuchukua dawa. Watu wa Mandawa, Chinongwe na huko kwao Nkowe walikuwa wanapoteza nauli kuja siku isiyo yao. Meseji zile zilipoanza, wakawa wanakuja siku zao.

Hapa naeleza kidogo jambo unalolijua kuliko mimi, kwa sababu mama yako ataifungua barua hii kabla yako, na sitaki aniulize maswali. Kila mwenye akaunti kwenye seva anaweza kuiachia mashine maagizo: ikifika saa fulani, fanya jambo fulani. Mashine haichoki wala haidadisi. Mwenye maagizo akiwa amelala, akiwa safarini, hata akiwa ameacha kazi, maagizo yake yanaendelea. Na msimamizi, ambaye ndiye mimi, anaweza kwa amri moja fupi kuyatazama maagizo ya mtumiaji yeyote, kuyarekebisha au kuyafuta. Unaandika crontab na jina la mtu. Herufi l ni kutazama, e ni kurekebisha, r ni kufuta. Ile ya kufuta haikuulizi kama una hakika.

Bakari alipata kazi Mbeya na akaondoka kwa haraka, kama watu wanavyoondoka wakipata nafasi wasiyoitegemea. Majuma kadhaa baadaye, katibu wa hospitali aliingia chumbani kwetu, akasimama nyuma yangu akitazama skrini.

"Huyu Bakari si ameshaondoka? Mbona jina lake bado naliona?"

"Lipo. Sijapata nafasi ya kuliondoa."

"Ondoa kila alichoacha. Sitaki mtu wa nje awe na mlango humu ndani."

Alikuwa sahihi, na wewe utaambiwa hivyo hivyo, na utatakiwa kutii. Nikaandika crontab -r -u bakari, nikabonyeza. Skrini haikusema kitu. Kazi yetu ni ya ajabu, Zuhura: skrini ikinyamaza tunashukuru. Folda yake yenye programu nikaiacha niifute baadaye, nikaenda kunywa chai.

Watu watakuambia hatari ya amri hii ni kwamba e na r zimekaa jirani kwenye kibodi na kidole huteleza. Ni kweli, jihadhari. Lakini kidole changu hakikuteleza. Nilijua kwamba nafuta. Nilichokuwa sikijui ni ninachokifuta, na kukijua kungenigharimu herufi moja tu. Nilikuwa nimekaa na Bakari chumba kimoja, nimekula naye sahani moja, nikajiona namjua kiasi cha kutohitaji kutazama. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba meseji za kliniki alizipanga kwa jina lake mwenyewe.

Ilikuwa msimu wa korosho. Kliniki ikaanza kupungua watu, na sisi sote tukasema wako mashambani, wanaokota. Hata mimi nilisema.

Siku moja asubuhi nesi alinibishia mlango akiwa na bibi mfupi aliyevaa kanga mbili zilizopauka na vumbi la barabara.

"Huyu bibi anamtafuta Bakari," nesi akasema, akaondoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mkubwa wake Bakari?"

"Hapana, mimi mwenzake tu. Karibu ukae."

"Yuko wapi?"

"Bakari? Bakari yuko Mbeya, bibi."

"Mbeya kafuata nini?"

"Kazi. Amehamia huko. Hakukuambia?"

Kiti kilikuwepo, lakini alikaa chini sakafuni, akanyoosha miguu yake. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Usinifiche, baba. Kama mmemzika, niambie tumemzika. Mimi mama yake. Mwanangu huyo kila jioni alikuwa ananisalimia. Hata siku ya Idi hakuacha. Sasa kanyamaza. Simu yake haipatikani. Ile ya kazini inaita, haipokelewi."

"Ya kazini ipi, bibi?"

Akafungua fundo la kanga, akatoa simu ndogo ya vitufe, akanipa. Ujumbe wa mwisho ulikuwa huu: "Shikamoo mama. Nimetoka kazini salama. Ulale salama." Wa kabla yake ulikuwa huo huo. Na wa kabla yake. Namba iliyozituma niliijua kwa kichwa. Ilikuwa namba ya laini iliyokuwa ndani ya kile kidude cha kutuma meseji za wagonjwa, kilichokuwa juu ya meza yangu, karibu na kikombe.

Nikakaa na mimi chini. Sikujua nianzie wapi, nikamuuliza la pembeni: "Umekuja na nani kutoka Nkowe?"

"Na Mwajuma, jirani yangu. Tumepanda bodaboda mpaka Ruangwa, pale tukapata gari. Mwanawe, Asha, ana sikoseli, mifupa imemkamata, hajalala. Na yeye Mwajuma meseji yake ya dawa haikuja. Nikasema basi, twende wote. Yeye akatibiwe mtoto, mimi nikamtazame wangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka meseji za kliniki zilipangwa kwa jina la nani, mwanangu. Nilifungua kompyuta mbele ya bibi yule na nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo: nikaweka l badala ya r. Mashine ikajibu kwamba Bakari hana kazi yoyote.

Asha nilimkuta wodini, mtoto wa kike mwenye macho makubwa, amewekewa dripu, analia bila sauti. Mama yake alikuwa anamsugua miguu kwa viganja. Ningeweza kusema mtandao ulisumbua. Hospitali nzima ingeniamini. Sijui ni nini kilinizuia. Labda ni ile miguu. Nikamwambia, "Mwajuma, zile meseji nilizizima mimi. Sikujua kama nazizima, lakini ni mimi."

Alinitazama kidogo. "Sisi tulijua dawa zimekwisha hospitali," akasema. "Tukasema zikifika, watatuambia."

Aligeuka, akaendelea kumsugua mtoto. Nimepata kutukanwa na wakubwa wengi katika kazi hii, na hakuna tusi ninalolikumbuka kama ninavyoikumbuka sentensi ile. Wale watu walikuwa wamekaa kwao kwa utulivu wakitusubiri tuwaambie. Kunyamaza kwetu kwao kulikuwa na maana.

Asha alipona, nikuambie mapema usije ukasoma kwa hofu. Alikaa wodini siku chache, akarudi kwao akiwa anakimbia. Lakini siku ile ya kwanza hakuna aliyekuwa na uhakika, na mimi nilikuwa napita mlangoni pa wodi kila baada ya muda kama mwizi.

Namba mpya ya Bakari niliipata kwa mtu wa utumishi. Akapokea kwa furaha, akaanza utani wake. Nikamkatiza.

"Bakari, mama yako yuko hapa."

"Hapo wapi?"

"Ofisini. Amekuja kukutafuta. Anadhani umekufa."

"Nimekufa vipi? Mimi namsalimia kila siku ya Mu..." Akaishia hapo. "Umefuta?"

"Nimefuta."

Hakunilaumu, na mimi sikumlaumu. Nikamwambia mama yake kwamba zile salamu zilitoka kwenye mashine ile ya mezani, nikampa simu aongee na mwanawe. Bi Somoe akasikiliza, akaniangalia, akanirudishia.

"Anasema ni yeye," akasema. "Na zile meseji nazo zilisema ni yeye. Aje nimwone."

Ndiyo maana alikaa kwetu, Zuhura. Alikataa kurudi Nkowe mpaka amwone mwanawe kwa macho. Mama yako akamkaribisha bila kuniuliza swali hata moja, maswali akayatunza mpaka mgeni alipolala, nikayajibu yote.

Wakati tunamsubiri Bakari, nilirudisha meseji za wagonjwa. Programu ilikuwa bado imo kwenye ile folda ambayo sikuwahi kuifuta, kwa uvivu wangu, na uvivu ule ndio ulioniokoa. Bakari alinisomea maagizo kwenye simu, mstari kwa mstari, nami naandika. Safari hii hatukuyaweka kwa jina lake wala langu. Tulifungua mtumiaji asiye mtu, aliye wa kazi hiyo tu, ili siku yeyote kati yetu akiondoka kazi isiondoke naye. Halafu nikachukua pikipiki ya hospitali nikaenda Chinongwe na Mandawa kuwatafuta wale ambao simu zao hazikupatikana. Wengi walinikaribisha kivulini wakanipa maji. Mzee mmoja wa Mandawa alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kwa hiyo hospitali haikutuchoka?" Nikamwambia haikuwachoka. Akasema vizuri, akaingia ndani kutafuta kadi yake.

Nilipokuwa nakagua kile kidude cha meseji ndipo nilipoona majibu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kukijibu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa anafungua kutazama. Bi Somoe hajui kuandika. Jioni alikuwa anakwenda kwa Mwajuma, anasema, Mwajuma anabonyeza. Alikuwa akimjibu mwanawe kila salamu.

"Marahaba mwanangu. Leo mvua kubwa, mpunga umependeza."

"Marahaba. Yule mbuzi mweusi amezaa pacha. Mmoja wako."

"Marahaba Bakari. Mbona husemi neno juu ya paa? Fundi nimemwambia angoje."

"Marahaba. Mwajuma amechoka kuandika. Ulale."

Sikuzisoma zote. Nilisoma chache nikaona naingia chumba cha watu. Nikazichapa kwenye karatasi, nikazikunja, nikaweka bahasha.

Bakari alikuja kwa njia ya Songea na Tunduru, akafika kwetu mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Wewe ulikuwa shule. Mama yake alikuwa kwenye mkeka uani anasuka ukili. Hakuinuka. Alimwita kwa kidole, akamshika mashavu, akamgeuza uso huku na huku kama anayechagua papai sokoni, kisha akamchapa na ule ukili begani, mara moja, mara ya pili, na kwa ya tatu akaanza kulia. Mimi na mama yako tulitaka kuingia ndani. Akatukataza. "Kaeni. Nataka mwenye mashine awepo."

Bakari akamweleza. Alimweleza vizuri, bila kujitetea. Kwamba mwanzoni alikuwa anasahau, anatoka kazini amechoka, na siku moja mama alilalamika mpaka akalia. Kwamba akaona heri aiagize mashine, maana mashine haisahau. Na habari ya Mbeya alitaka kuja kumwambia mwenyewe, akawa anaahirisha, na kwa kuwa salamu zilikuwa zinakwenda hakuona haraka.

"Kwa hiyo ni mashine."

"Ni mimi niliyeiagiza, mama."

"Uliiagiza lini?"

"Mwaka jana."

Bi Somoe akafikiri. "Na mimi nilikuwa namjibu nani?"

Jibu nilikuwa nalo mimi, mfukoni. Nikampa bahasha. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wetu, akaanza kusoma moyoni, midomo inacheza. Mama yake akarudi kwenye ukili wake. Baada ya muda akauliza bila kuinua macho, "Umefika wapi? Ile ya mbuzi umeisoma?"

"Bado."

"Soma basi. Nangoja."

Akasoma, akafika. "Nimeifikia, mama."

"Haya. Sema."

"Pacha, mama? Wangu ni yupi?"

"Mwenye doa. Dume. Endelea."

Na wakaendelea hivyo, mwanangu, mchana mzima. Anasoma moja, anaijibu kwa mdomo, mama yake anaitikia, wanakwenda nyingine. Walifika kwenye paa wakabishana kuhusu fundi. Walifika kwenye moja wakacheka, sikuielewa. Walifika kwenye nyingine Bakari akaweka karatasi chini na kujifunika uso, na mama yake akasema, "Hiyo iache, imeshapita." Mama yako aliinjika chai mara mbili. Mimi nilikaa pale pale nilipoambiwa nikae.

Walipokaribia kuondoka, Bakari alimuuliza kama anataka salamu zirudishwe, nami nikasema nikirudi ofisini nitaziweka. Bi Somoe akatikisa kichwa.

"Usirudishe. Akinikumbuka atapiga. Akinisahau, mniache na kimya changu. Nitajua amesahau, nitampigia mimi nimkaripie. Hiyo naiweza."

Wakaenda Nkowe wote wawili kutazama mbuzi na paa. Bakari aliyafanya yale mambo ya paa kabla ya kurudi Mbeya. Najua, kwa sababu Mwajuma aliniambia siku alipoleta Asha kliniki, na ndiyo siku aliyonisalimia tena kwa jina.

Jumatatu iliyofuata nilipitia majina yote kwenye ile seva, mmoja mmoja, nikatazama kila mtu ameiachia mashine kazi gani, nikamfuata mwenyewe nikamuuliza. Nyingine zilikuwa zimekufa siku nyingi. Moja ilikuwa yangu. Kila alfajiri nilikuwa namtumia taarifa mganga mkuu aliyekwisha kustaafu kabla Bakari hajaajiriwa. Hakuwahi kuniambia niache. Nilipompigia kumwomba radhi alisema alikuwa anazipenda, zilimfanya ajione bado yumo.

Na mwaka ule ule, kama unakumbuka, niliwachukua ghafla mkiwa likizo tukaenda Singida, njia ndefu, wewe ukatapika gari zima. Uliuliza kuna sherehe gani. Hapakuwa na sherehe. Nilikwenda kumwona mama yangu, ambaye nilikuwa najua habari zake zote na nilikuwa sijamwona uso kwa miaka. Alikushika akasema, "Kumbe wewe ndiye Zuhura mwenzangu," kwa kuwa unaitwa jina lake. Nilifurahi tulikwenda wakati ule, kwa sababu unajua hakukaa sana baada ya hapo.

Sikuandiki haya ili uogope kazi. Naipenda kazi yetu. Ni kazi nzuri kuwafanyia watu mambo wakiwa wamelala, wakaamka wakakuta yako tayari, wasijue hata jina lako. Wewe utaifanya vizuri kuliko mimi. Umeshanizidi tangu kidato cha nne, nilikuwa nakuuliza maswali kwa hila ili usijue kama sijui. Utafuta vitu, lazima, kwa sababu seva isiyosafishwa huoza. Utakosea pia, na siku hiyo nenda mwenyewe wodini, usimtume mtu.

Lakini nakuomba jambo moja, si kama mkubwa wako wa kazi, ni kama baba. Ukikuta huko Dodoma akaunti ya mtu aliyeondoka, na mkubwa wako amekuambia uondoe kila alichoacha, tazama kwanza kilichomo. Halafu tafuta namba ya mwenyewe umpigie, hata kama hamjuani, hata kama atakuona msumbufu. Muulize kila kazi ilikuwa ya nini na nani anaitegemea. Na kabla hujakata simu, muulize kama mama yake anajua alipo.

Safari njema, mama.

Mimi baba yako.